Wachache wa Rangi, Wachache wa Maoni

Oktoba 1961, ikiwa imebaki miezi miwili bendera ya Uingereza ishushwe, Bunge la Tanganyika lilikaa katika ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, kujadili muswada wa uraia. Serikali ilipendekeza kwamba aliyezaliwa Tanganyika, na ambaye mzazi wake mmoja naye alizaliwa hapa, awe raia moja kwa moja, awe Mwafrika, Mhindi, Mwarabu au Mzungu. Wakazi wengine wapewe muda wa kuomba. Wabunge kadhaa wa TANU, chama kilichokuwa kimenyakua viti 70 kati ya 71 mwaka uliotangulia, wakasimama mmoja baada ya mwingine kupinga muswada wa serikali yao wenyewe. Mwafrika ndiye aliyenyonywa, walisema, Mwafrika ndiye aliyedai uhuru, na uraia ni wake; hao wengine wangoje. Mmoja wa waliopinga kwa sauti kubwa alikuwa Christopher Kasanga Tumbo, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa reli, mtu aliyezoea kusema na umati na kusikilizwa.

Kauli yao ilikuwa na wenyewe wengi nje ya ukumbi. Duka lilikuwa la Mhindi, shamba la mkonge la Mzungu, na karani mweusi alijua vizuri jinsi mshahara wake ulivyopangwa kwa rangi.

Julius Nyerere, wakati huo Waziri Mkuu, alijibu kwa hasira. Aliwafananisha waliotaka uraia upimwe kwa ngozi na watu wa Hitler. Akawaambia kwamba ukishaanza kubagua huna pa kusimama: wakishatolewa Wazungu na Wahindi itakuja zamu ya Wamasai, kisha Wagogo, Waha, wenye wake wengi, Waislamu. Halafu akakiweka rehani kiti chake: muswada ukikataliwa, serikali itajiuzulu. Muswada ukapita.

Sidhani kama Nyerere angeshinda siku ile lau suala lingepelekwa kwa wananchi wote. Hilo ndilo linalofanya tukio lile listahili kusimuliwa upya, kwa sababu kila mabishano makubwa ya kisiasa yaliyokuja baadaye nchini yamekuwa na mbegu yake mle ndani. Wengi wakitaka jambo, je, kuna kitu ambacho hata wengi hawaruhusiwi kumnyang'anya mtu mmoja? Oktoba 1961 Nyerere alijibu kwamba kipo. Alikuwa akiwatetea wachache wa rangi. Wachache wa maoni walikuwa na kisa kingine.

Januari 1962 alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga chama. Mwaka huo huo ikapita sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Novemba ukafanyika uchaguzi wa rais wa kwanza wa Jamhuri, na aliyethubutu kusimama dhidi ya Nyerere alikuwa Zuberi Mtemvu. Huyu alikuwa mtendaji wa TANU, akatoka mwaka 1958 baada ya mkutano wa Tabora kukubali kura tatu, ule utaratibu wa kila mpiga kura kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Chama chake, African National Congress, kilikuwa na hoja moja: Afrika kwa Waafrika. Nyerere alipata zaidi ya kura milioni 1.1, Mtemvu takriban 21,000. Tumbo naye aliacha ubalozi aliopewa London, akarudi kuanzisha chama chake. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 alijikuta kizuizini.

Mtu anaweza kusema kwamba hawa walistahili kushindwa, na kwa hoja zao za rangi nami ningesema hivyo. Lakini tayari walikuwa wameshindwa kwenye kura. Asilimia mbili hazimwangushi mtu. Kilichofuata kilihitaji nadharia, na Nyerere aliiandika mwaka 1963. Vyama viwili au zaidi, alisema, vina maana pale ambapo taifa limegawanyika kitabaka, kila chama kikiwakilisha kipande. Penye chama kimoja ambacho ni sawasawa na taifa zima, demokrasia ina msingi imara zaidi. Aliwakumbusha wasomaji wake wazee wa Kiafrika wanaokaa chini ya mti wakizungumza mpaka wakubaliane. Ni picha inayopendeza. Ina tatizo moja: haisemi afanyiwe nini mzee ambaye, jua likishazama, bado hajakubali. Na ukishasema kwamba chama ndicho taifa, anayekikataa chama amejitoa mwenyewe kwenye taifa. Hakuna sheria ya rangi iliyoandikwa, lakini mlango uliofungwa unafanana sana na ule uliokataliwa Oktoba 1961.

Tume iliyoongozwa na Kawawa, iliyoundwa Januari 1964, haikuulizwa kama nchi iwe ya chama kimoja. Hilo lilikwisha kuamuliwa. Tume ilitakiwa kusema kiwe cha namna gani. Ilipendekeza jambo ambalo nchi nyingi za chama kimoja hazikuthubutu kulijaribu: kila jimbo liwe na wagombea wawili, wote wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Katika uchaguzi wa Septemba 1965 Paul Bomani, waziri wa fedha na mmoja wa waasisi wa ushirika wa wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, aliangushwa. Amir Jamal, mwenye asili ya Kiasia, alishinda Morogoro. Wapiga kura wa mji ule walimpa Nyerere jibu zuri kuliko hotuba yoyote juu ya suala la rangi. Kwa upande wa urais hapakuwa na jembe wala nyumba. Rais alishindana na kivuli, na kivuli hakina ilani wala wakala wa kulinda kura zake.

Jambo lingine lililokataliwa mwaka ule halikupigiwa kelele: Hati ya Haki ndani ya Katiba. Tume iliona kwamba ingewapa mahakimu nafasi ya kuizuia serikali kufanya kazi ya maendeleo. Maadili ya taifa yakawekwa kwenye utangulizi, mahali ambapo mahakama haiwezi kuyatumia kumpa mtu nafuu. Ilichukua karibu miaka 20 kwa hati hiyo kuingia Katibani, mwaka 1984, na hata ilipoingia serikali iliomba miaka mitatu ya kusafisha sheria zake kabla mwananchi hajaruhusiwa kuitumia mahakamani. Mlango ulifunguka rasmi mwaka 1988. Wachache waliligundua hilo mara moja. Mmoja wa watakaolitumia vizuri zaidi alikuwa mchungaji mkorofi, na kwake tutafika.

Nyerere aliacha urais 1985 na uenyekiti wa CCM, chama kilichoirithi TANU, 1990, na mwaka huo huo akawashangaza wana-CCM wenzake kwa kusema kwamba kuzungumzia vyama vingi si dhambi. Ukuta wa Berlin ulikuwa umeanguka, wafadhili walikuwa wakibana, na vijana wa vyuo vikuu hawakuwa tena wakishtuka kusikia chama kimeshika hatamu. Mwanzoni mwa 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Safari hii swali lenyewe liliulizwa: chama kimoja au vingi?

Tume ilizunguka Bara na Visiwani ikasikiliza zaidi ya watu 36,000. Hoja iliyotawala ilikuwa ya amani: vyama vingi vitaleta ukabila, udini, vita, sisi tumekaa vizuri, kwa nini tuchokoze? Ilipojumlisha, karibu asilimia 80 walitaka chama kimoja kiendelee. Waliotaka vyama vingi walikuwa kama asilimia 20, ingawa Zanzibar sehemu yao ilikuwa kubwa zaidi. Wengi wa wale waliotaka chama kimoja nao walitaka kirekebishwe, lakini jibu la swali lilikuwa wazi.

Tume ikapendekeza vyama vingi.

Hapa wasomaji wa historia yetu hugawanyika mpaka leo. Kuna wanaosema ule ulikuwa usanii: watawala walishaamua kwa shinikizo la nje, wakatafuta majaji wa kuwaandikia sababu. Wapo pia waliobeza tume tangu siku ya kwanza. Wanamageuzi walioanzisha kamati ya NCCR mwezi Juni 1991, wakiongozwa kwanza na Chifu Abdallah Fundikira, waziri wa sheria wa kwanza wa Tanganyika aliyekuwa amejiuzulu uwaziri 1963, walitaka mkutano wa kitaifa wa katiba, na si tume ya wateule wa rais. Na kuna waliouliza swali gumu kuliko yote: kama asilimia 80 wamesema hapana, ni demokrasia gani hii inayoanzishwa kwa kuwapuuza?

Mimi nasimama na Nyalali, tena si kwa sababu aliona mbali. Waliotaka chama kimoja hawakupoteza chochote kwa vyama vingi kuruhusiwa. Waliweza kubaki CCM, wakaipigia kura, na ndivyo walivyofanya. Waliotaka vyama vingi wangepoteza kila kitu kwa chama kimoja kuendelea. Uzito wa madhara haukuwa sawa, na kuhesabu vichwa hakuoni tofauti hiyo. Nyerere mwenyewe alikwenda kwenye Mkutano Mkuu Maalumu wa CCM, Februari 1992, kuwashawishi wajumbe wakubali. Miaka 30 ilikuwa imepita tangu alipowaambia wenye wingi wao Karimjee kwamba wingi si kibali cha kila kitu. Sasa hoja ileile ilimfikia mwenye maoni tofauti.

Mapendekezo mengine ya Nyalali hayakupokewa vizuri hivyo. Tume ilitaja sheria 40 ilizoziona kandamizi na zinazopaswa kufutwa au kurekebishwa, ikiwamo ile ya kizuizini ya 1962. Ikapendekeza serikali tatu katika Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Serikali ilichukua vyama vingi ikayaacha mengi ya haya mezani. Sheria ya Vyama vya Siasa ilianza kutumika Julai 1992, CCM ikiingia uwanjani na viwanja vya michezo, majengo na mtandao wa mabalozi wa nyumba kumi uliojengwa kwa miongo mitatu.

Mchungaji Christopher Mtikila aliukataa mchezo huo tangu filimbi ya kwanza. Chama chake, DP, hakikusajiliwa kwa sababu sheria ilidai chama kikubali Muungano na kiwe na wanachama pande zote mbili, naye alitaka Tanganyika yake irudi. Mikutano yake Dar es Salaam ilijaa vijana wasio na kazi. Aliwaita walalahoi, na adui zao akawaita magabacholi, akimaanisha matajiri, hasa wenye asili ya Kiasia, na wakubwa waliowapa nchi. Mwanzoni mwa 1993, baada ya mkutano wake mmoja, watu wenye asili ya Kiasia walipigwa mawe mitaani. Hapakuwa na kipya katika hoja. Mtemvu na Tumbo wangeitambua. Kipya kilikuwa kwamba uchumi ulikuwa umefunguliwa, mashirika ya umma yalianza kubadilisha wenyewe, na hasira ilikuwa na pa kuelekea.

Mtu huyu, ambaye siwezi kuyasifu maneno yake ya jukwaani, ndiye aliyekwenda Mahakama Kuu ya Dodoma mwaka 1993 na kudai kwamba mwananchi asiye na chama ana haki ya kugombea. Kwa kuwa chama chake kilinyimwa usajili, hakuwa na njia nyingine ya kuingia kwenye karatasi ya kura. Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira alimpa ushindi. Mgombea binafsi aruhusiwe. Na sharti la kuomba kibali cha dola kabla ya kufanya mkutano wa hadhara halina nguvu. Inatosha kutoa taarifa. Kila mwanasiasa wa upinzani aliyepanda jukwaani katika miaka iliyofuata, hata yule aliyemwona Mtikila kichaa, alisimama juu ya hukumu ile.

Serikali ilichukua hatua haraka. Kabla mwaka haujaisha Bunge lilirekebisha Katiba kusema waziwazi kwamba mgombea lazima adhaminiwe na chama. Mtikila alirudi mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilimpa ushindi tena. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani, ikiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, ilifuta ushindi huo ikisema suala la mgombea binafsi ni la kisiasa na liamuliwe na Bunge. Maana yake ni kwamba haki ya mtu asiye na chama iliachwa mikononi mwa wabunge ambao karibu wote, kwa mujibu wa Katiba hiyo hiyo, waliingia kwa tiketi ya vyama. Mzee chini ya mti aliambiwa aombe ruhusa kwa waliokwisha kukubaliana.

Katikati ya kesi hizo alipita Augustine Mrema, naye alikuwa na umati mkubwa kuliko Mtikila. Akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani na Naibu Waziri Mkuu, alisifika kwa kuwapa watendaji siku saba wamalize kero ya mwananchi. Alisikiliza mashitaka ya wake waliopigwa na vibarua waliodhulumiwa, akatoa hukumu palepale, bila hakimu wala faili. Alipohamia chama cha NCCR-Mageuzi mapema 1995 wafuasi walizima injini ya gari lake wakalisukuma kwa mikono. Katika uchaguzi wa urais wa mwaka huo alipata karibu asilimia 28 dhidi ya Benjamin Mkapa wa CCM aliyepata karibu asilimia 62, baada ya Nyerere kuzunguka nchi akimnadi Mkapa. Mrema alionyesha kitu ambacho wanasheria wa mageuzi hawakupenda kukiona: watu walikuwa na njaa ya haki ya papo kwa papo zaidi ya hamu ya taratibu. Zanzibar mwaka huo huo mshindi alitangazwa kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8, na hao 49.8 wakaambiwa ni wachache. Ilichukua damu ya waandamanaji wa Januari 2001, na hatimaye maridhiano na kura ya maoni ya Julai 2010, kuwapa sehemu katika serikali.

Miaka 20 baada ya Mrema, John Magufuli alichukua mtindo wake, akaupa dola. Alishinda urais 2015 kwa asilimia 58, akimshinda Edward Lowassa, ambaye wapinzani waliompokea ndio waliokuwa wakimwita fisadi. Alijitambulisha kuwa rais wa wanyonge. Aliwatumbua wakubwa hadharani, na watu wengi, wakiwamo wasomi waliokuja kumlaumu baadaye, walipiga makofi. Mwaka 2016 akazuia mikutano ya hadhara ya vyama hadi uchaguzi ujao: wakati wa siasa umekwisha, sasa ni kazi. Wabunge wangehutubia majimboni mwao tu. Hukumu ya Lugakingira bado ilikuwa vitabuni. Hoja ya kuiweka kando ilikuwa ya 1963 kwa lugha mpya: wanyonge ni wamoja, wana kiongozi wao, na anayepinga anawachelewesha. Uchaguzi wa 2020 ulitangazwa kwa asilimia 84 na Bunge karibu lote la rangi moja, safari hii kijani.

Mtikila hakuyaona hayo. Alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015. Lakini kesi yake ilikuwa imefika mbali kuliko yeye. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba kumlazimisha mtu ajiunge na chama ili agombee ni kuvunja haki yake ya kushiriki katika uongozi wa nchi yake, ya kujumuika kwa hiari na ya kutobaguliwa. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya mahakama hiyo kuamua kiini cha shauri. Ramadhani, aliyekuwa sasa jaji wa mahakama hiyo, hakuketi. Kanuni haziruhusu jaji kusikiliza kesi ya nchi yake. Julai 2020 mahakama hiyo hiyo iliamua, katika kesi nyingine, kwamba kifungu cha Katiba kinachozuia matokeo ya urais kuhojiwa mahakamani nacho kinavunja haki.

Wakati huo Tanzania ilikuwa tayari iko njiani kuondoka. Novemba 2019 serikali iliondoa tamko lililokuwa likiwaruhusu watu binafsi na asasi kufungua kesi Arusha moja kwa moja, na mwaka mmoja baadaye uamuzi huo ukaanza kutumika.

Rais Samia Suluhu Hassan, aliyemrithi Magufuli, aliondoa zuio la mikutano Januari 2023, na kwa muda viwanja vilijaa tena. Kisha ukaja uchaguzi wa 29 Oktoba 2025. Chama cha upinzani cha Chadema hakikuruhusiwa kushiriki. Mwenyekiti wake Tundu Lissu alikuwa rumande kwa mashitaka ya uhaini. Siku ya kura ilikuwa ya maandamano, risasi na intaneti iliyozimwa, na tume ya uchaguzi ikatangaza kwamba mgombea wa CCM amepata asilimia 97.66. Waliotetea matokeo walisema wananchi wamekwisha sema. Waliopinga walisema wananchi hawakupewa mtu wa kumchagua. Ni mabishano yaleyale ya 1962 na 1991, isipokuwa Mtemvu mwaka ule jina lake lilikuwa kwenye karatasi. Ibara za 39 na 67 za Katiba bado zinadai mgombea awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho, na mwananchi akitaka kulipeleka hilo Arusha kwa jina lake mwenyewe, kama alivyofanya Mtikila, masjala ya mahakama haina tena ruhusa ya kupokea shauri lake.